Jarida la muziki bila msamiati wake ni ngoma isiyowambwa

Juma lililopita nilikuwa nyumbani, sehemu za Kisegi, kule ambako kaunti za Homa Bay na Migori zinapakana karibu na Ziwa Victoria. Sikwenda kufanya utafiti. Nilikwenda kuangalia mahindi na kuyapumzisha macho yaliyochoshwa na tasnifu za wanafunzi. Lakini mwalimu hana likizo. Siku ya pili tu akabisha hodi kijana mmoja niliyemfunza zamani chuoni, ambaye sasa anafundisha Kiswahili na Muziki katika shule moja ya upili huko huko, na jioni anaongoza kwaya ya kanisa. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki.

"Prof," akaniambia kabla hata chai haijamiminwa, "nataka unisomee hii kitu. Na tafadhali usinihurumie."

Nikamsamehe ile ngeli. Tulikuwa nyumbani, si darasani. Ndani ya bahasha mlikuwa na kielelezo cha toleo la kwanza la jarida: kurasa 24, zimechapwa kwa printa ya shule na kubanwa katikati kwa pini mbili. Ni jarida la muziki wa klasiki, kwa Kiswahili, linalokusudiwa kutoka mara nne kwa mwaka. Anawalenga walimu wa kwaya, wapiga vinanda wa makanisani, wanafunzi wanaosomea muziki, waamuzi wa tamasha za muziki na, kwa maneno yake, "wale wengine wachache wanaopenda". Amepiga hesabu ya nakala 300. Pesa za kuanzia atakopa katika chama cha akiba na mikopo cha walimu.

"Mama watoto anajua?" nikamuuliza.

"Bado, Prof. Nilitaka wewe useme kwanza."

Basi utaelewa, msomaji, kwa nini niliisoma kazi ile kwa kalamu nyekundu. Mtu anapotaka kuweka rehani mshahara wake, kumsifu kwa adabu tu ni ukatili. Ameniruhusu niyaseme hapa yale niliyomwambia, mradi nisimtaje jina. Nami nimekubali kwa sababu kasoro za jarida lake si zake peke yake. Ni kasoro zetu sote tunaoandika kuhusu muziki kwa lugha hii.

Uchache si kosa

Nianze kwa kumtetea. Wenzake shuleni wamemcheka: ati nani atasoma jarida la aina hiyo? Watu wanasoma siasa na matokeo ya kandanda! Hoja hiyo haina uzito. Karibu majarida yote ya muziki yaliyoacha alama duniani yalianza kwa kuwaandikia watu wachache. Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani, alianzisha lake mjini Leipzig mwaka 1834 pamoja na marafiki zake, kwa sababu hawakuridhika na jinsi muziki ulivyokuwa ukiandikwa magazetini. Ni katika jarida hilo hilo, mwaka 1853, ambapo alimtangaza kijana wa miaka 20 ambaye ulimwengu ulikuwa haumjui. Jina lake Johannes Brahms. Mjini London, mwaka 1923, mwandishi wa riwaya Compton Mackenzie alianzisha *Gramophone* kwa ajili ya watu waliokuwa na santuri nyumbani, wakati ambapo wasomi wengi wa muziki waliona santuri kuwa mchezo wa watoto.

Na hapa Afrika, Hugh Tracey, aliyezunguka bara hili na mashine zake za kurekodi na kufika Kenya mwaka 1950, alianza kutoa jarida la *African Music* huko Afrika Kusini mwaka 1954. Hilo nalo lilikuwa la wachache. Tofauti ni kwamba wachache wenyewe walikuwa wasomi wa Kiingereza na Kifaransa. Wale waliopiga ala zilizoandikwa humo hawakuwamo katika hesabu ya wasomaji. Nakuomba, msomaji, ulishike jambo hilo, nitalirudia.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Watu 300 wanaojua wanachokitaka ni msingi imara kuliko watu elfu tatu wanaopita njia. Kwa hiyo sikumwambia kijana apanue hadhira. Nilimwambia aijue vizuri zaidi hiyo aliyo nayo.

Beethoven kwenye jalada

Jalada lake lina picha mbili: piano kubwa jeusi lenye kifuniko kilichoinuliwa, na uso wa Beethoven umekunjamana kama wa mtu aliyekatiwa umeme. Jina la jarida ni la Kiitaliano. Ndani, safu nazo zina majina ya Kiitaliano: tahariri inaitwa *Forte*, mashairi yanaitwa *Intermezzo*, barua za wasomaji *Da Capo*.

"Kati ya Sori na Mbita," nikamuuliza, "ni mpiga kinanda yupi aliyewahi kuligusa piano la namna hii?"

Akafikiri. "Mimi nililigusa mara moja, Nairobi."

"Na wasomaji wako?"

"Wao wana kile kinanda cha umeme cha kanisa. Saa zingine betri."

Hapo ndipo tatizo la jalada lilipo. Siwakatai Wazungu; nyumbani kwangu Bach hulia kila Jumapili asubuhi na majirani wamezoea. Lakini jalada ni mlango, na mlango huu unamwambia mwalimu wa kwaya wa Magunga kwamba yeye ni mgeni humu, avue viatu, asiguse kitu. Jarida la wasomaji wachache halina ruhusa ya kumfukuza hata mmoja wao mlangoni.

Isitoshe, Beethoven mwenyewe angemshangaa. Katika zama zake Kiitaliano ndicho kilichokuwa lugha ya maelekezo ya muziki Ulaya nzima, kama Kiingereza kilivyo lugha ya maelekezo ya simu zetu leo. Hata hivyo, katika sonata yake ya piano ya mwaka 1814, ile ya 27, alimwelekeza mpigaji kwa Kijerumani: apige kwa uchangamfu, kwa hisia na kwa kujieleza. Schumann naye alijaza Kijerumani katika kazi zake nyingi. Hawakufanya hivyo kwa kuwa Kiitaliano kiliwashinda. Walitaka neno liguse kidole cha mpigaji bila kupitia kwa mkalimani. Sasa sisi tunamweka Beethoven jaladani, halafu tunakataa kumuiga katika lile hasa alilolifanya!

"Kukonga nyoyo" mara saba

Nilipofungua kurasa za ndani, nilikuta tahakiki ya onyesho la kwaya. Nikaanza kuhesabu. Katika ukurasa mmoja na nusu, kwaya "ilikonga nyoyo za mashabiki" mara saba. Iliposhindwa kukonga, "iliteka" nyoyo hizo, au "ilizisisimua". Mwimbaji wa kike alikuwa na "sauti ya kumtoa nyoka pangoni". Mwishoni umati "haukuamini macho yake", jambo la ajabu kidogo kwa muziki.

Nilimuuliza swali moja tu: "Waliimba nini, na waliimbaje?" Tahakiki nzima haikusema. Ningeweza kulitoa jina la kwaya, nikaweka la timu ya kandanda, na habari ingesomeka vile vile.

Tusimlaumu peke yake. Tukiandika juu ya muziki kwa Kiswahili, wengi wetu huandika habari au sifa. Habari husema nani alikuwapo. Sifa husema tulifurahi. Uhakiki husikiliza, ukatenganisha, ukalinganisha, halafu ukathubutu kutoa uamuzi pamoja na sababu zake. Hata Shaaban Robert, mkubwa wetu, alipoandika *Wasifu wa Siti binti Saad*, alituachia hazina ya maisha ya mwimbaji yule wa Unguja ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Hata hivyo kitabu kile ni wasifu. Mtu akitaka kujua Siti aligawaje pumzi, au alizungushaje silabi moja juu ya fidla, itambidi azitafute santuri. Kazi ya kuyasikiliza yale kwa maandishi aliwaachia watakaokuja, na watakaokuja wamechelewa.

Mimi ni mmoja wa waliochelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mhadhiri kijana, niliandika tahakiki ya onyesho la kwaya kwa Kiswahili na kuipeleka kwa mhariri mmoja. Alinirudishia na kijibarua: kazi ni nzuri, ila Kiswahili hakina maneno ya mambo haya, iandike upya kwa Kiingereza. Sikubishana naye. Lililo baya zaidi, nilimwamini. Nimefundisha ushairi miaka zaidi ya 30, nimezisahihisha insha kwa maelfu kuhusu mizani na vina, na sikuwahi kuandika tahakiki nyingine ya muziki. Kijana alipoketi mbele yangu na bahasha yake, niliona kijibarua kile kimerudi, na safari hii mhariri ni mimi.

Maneno tunayo, ila yametawanyika

Je, ni kweli hatuna maneno? Tuyahesabu pamoja.

Wanaushairi wanatupa *mizani*, *bahari*, *ubeti*, *kibwagizo*, *kughani*. Wanaisimu wanatupa *kidatu*, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka, pamoja na *kiimbo*, *shadda* na *toni*. Lugha ya kawaida ina *mahadhi* na *mapigo*. Wanataarabu wa Unguja, ambao kilabu chao cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, wanatupa majina ya ala kama *udi*, *kanuni*, *nai*, *fidla*, *dumbaki* na *rika*. Wanatupa pia *bashrafu*, muziki wa ala usio na waimbaji, na *takasimu*, pale mpigaji mmoja anapoachiwa uwanja azunguke na chombo chake apendavyo. Na wanakwaya wetu wa bara, bila kumwomba profesa ruhusa, wanasema *sauti ya kwanza*, *ya pili*, *ya tatu* na *ya nne*, na kila mtu anajua asimame wapi.

Msamiati huo unatosha kuanzia. Shida ni kwamba kila kundi limekaa na fungu lake. Mwanaisimu hajui kwamba mwalimu wa kwaya anahitaji *kidatu*, na mwalimu wa kwaya hajui kwamba Mzanzibari ana *takasimu*. Jarida ndilo soko ambamo mafungu haya yangekutana. Ndiyo sababu nasema mtu akilitengeneza jarida la muziki kwa kuanza na picha, rangi na aina ya herufi, amenunua mzinga wa ngoma akasahau ngozi. Msamiati ndio ngozi. Iwambe kwanza, ndipo upige.

Ili asidhani ninampa nadharia, niliandika pembeni mwa ukurasa wake mfano huu: "Sauti ya tatu iliibeba kwaya hadi ubeti wa pili, kisha ikachoka, ikashuka kidatu na kuzivuta nyingine chini. Mapigo yalikuwa thabiti, ila mwongozaji aliukimbiza wimbo wa maombolezo kana kwamba gari la mwisho la kwenda Mbita linamwacha." Akacheka, kisha akanyamaza, kwa sababu kwaya ile ni ya rafiki yake.

Kuna jambo jingine ambalo jarida la Kiswahili lingeliona upesi kuliko jarida la Kiingereza. Kiswahili huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema BWA-na, mo-YO-ni, u-PE-ndo. Nyimbo nyingi za ibada tulizotafsiri kutoka Kiingereza zina mahadhi yanayomaliza mstari kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho kabisa, kwa kuwa Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja. Mfasiri asipoangalia, kwaya nzima inasimama na kuimba bwa-NA, mo-yo-NI, u-pe-NDO, na waumini wanasema amina. Katika Dholuo, ambayo ni lugha ya toni, hatari ni kubwa zaidi: mahadhi yakipanda mahali ambapo neno linataka kushuka, neno lenyewe laweza kugeuka maana. Mhakiki anayejua lugha na muziki kwa pamoja ana kazi ya miaka kumi hapo, na wasomaji watamshukuru kila Jumapili.

Klasiki au asilia?

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nisilale. Ukurasa wa 23 wa kielelezo, kabla ya tangazo la fundi wa vinanda, ulikuwa na kichwa "Burudani za Kienyeji". Chini yake kulikuwa na makala fupi kuhusu mzee mmoja wa upande wa Gwassi, *jathum*, yaani mpiga thum, au nyatiti kama wengi wanavyoiita. Ilikuwa makala bora kuliko zote katika jarida lile, na mwandishi hakujua.

Ndani yake hapakuwa na moyo uliokongwa. Mlikuwa na mzee akieleza kazi yake. Nyuzi ni nane, nne za mkono huu na nne za mkono ule. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, leo ni nailoni ya kuvulia samaki. Mguuni njuga, ambazo Wajaluo huziita *gara*, na kwenye kidole gumba cha mguu pete ya chuma inayogonga ubavu wa ala, hata mtu mmoja akawa bendi kamili. Mzee anasema huanza kukaza uzi mmoja hadi ulingane na koo lake la siku hiyo, na nyuzi nyingine humfuata huo. Anaeleza namna ya kuukatiza wimbo ili msikilizaji ajitokeze na *pakruok*, majigambo yake, huku akitoa pesa, halafu wimbo urejee pale pale ulipoachwa bila pigo kupotea. Anaeleza makosa ya wapigaji vijana, kwa majina ya makosa hayo.

Huo ni uhakiki. Mzee ana vigezo, ana msamiati, ana hukumu. Kwa nini basi yuko ukurasa wa 23?

"Prof, si hiyo ni ya kienyeji?" kijana akajitetea. "Jarida ni la klasiki."

Neno moja limeupanga muziki wote katika madaraja! Tamasha la Muziki la Kenya, linalofanywa tangu 1927, limetuzoesha kugawa muziki katika makundi, na nyimbo za kiasili zina kapu lake. Mgawanyo huo unamfaa mwamuzi wa mashindano. Mhariri hana lazima ya kuurithi. Angalia wenzetu wa Unguja: taarabu ya zamani, yenye kanuni na udi na nidhamu yake, wanaiita *taarabu asilia*, kuitofautisha na ile mpya ya rusha roho. Kwao *asilia* ni sifa ya heshima. Maana yake ni kwamba hii ndiyo shina, nyingine zipimwe kwayo. Hiyo ndiyo kazi ambayo neno *klasiki* hufanya kwa Wazungu. Sisi huku bara tumechukua mzizi ule ule wa *asili*, tukaugeuza kuwa jina la chumba cha nyuma.

Nilimpa kijana kipimo hiki, naye alipime na wewe ulipime: muziki wa klasiki ni muziki unaohitaji mwalimu na miaka ya kujifunza, wenye kanuni zinazoweza kuvunjwa vizuri au vibaya, na wenye wasikilizaji wanaojua tofauti. Bach anapita. Taarabu asilia inapita. Thum inapita bila kusukumwa.

Na tusiseme kwamba mambo haya hayachanganyiki. Mwaka 1963 tume ya watu watano iliuandaa wimbo wetu wa taifa kutokana na mahadhi ya bembelezi ya Wapokomo. Ukiusikiliza kwa sikio la mhakiki, utaona kwamba hauanzi kwa kishindo cha tarumbeta kama nyimbo nyingi za mataifa. Una huzuni tulivu ya mama anayembembeleza mtoto, halafu sauti nne za kwaya zinaubeba kama sala. Mmoja wa watano hao alikuwa Washington Omondi, ambaye baadaye, mwaka 1980, aliikamilisha tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha London kuhusu thum ya Wajaluo. Mwenzake katika tume, George Senoga-Zake, alitoa kitabu kuhusu muziki wa kiasili wa Kenya mwaka 1986. Kazi zote mbili ziko kwa Kiingereza. Siwalaumu, vyuo na wachapishaji ndivyo vilivyo. Lakini hapa narudi kwa lile nililokuomba ulishike: hadi leo mpiga thum ndiye anayeandikwa, na si yeye anayeandikiwa.

Huku Gwassi tunajua maana ya kuchelewa. Babu zetu walisema Olusuba. Wajukuu wao wengi leo husema Dholuo, na kwa Olusuba wamebaki na majina ya watu na milima. Maneno hayaondoki kwa kishindo. Huondoka na wazee, mmoja mmoja. Yule mzee wa ukurasa wa 23, kwa mujibu wa makala, hana mwanafunzi hata mmoja. Mazishi ya siku hizi yanamtaka didjei.

Ushauri wa fundi

Kwa kuwa kijana alitaka mambo ya kutenda, nilimwandikia haya.

Jalada: mikono ya mzee juu ya nyuzi za nailoni. Beethoven ahamie ndani, kwenye makala kuhusu ile sonata ya 1814. Jina la jarida: neno lolote la Kiswahili ambalo mwanakwaya analijua; mimi nilipendekeza *Mahadhi*.

Kurasa: kijitabu kinachokunjwa katikati hukua kwa kurasa nne nne, kwa hiyo 24 zinatosha, na akitaka zaidi aende 28, asije na 26. Herufi ziwe kubwa kidogo. Wasomaji wengi wa muziki wa kwaya wana miwani na taa hafifu.

Nota: asizichape zote kwa mistari mitano. Walimu wengi wa kwaya huku husoma tonik solfa, mfumo ambao mchungaji Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19 ili watu wasio na ala wala fedha waimbe kwa kusoma. Solfa huandikwa kwa herufi za kawaida, nukta na vituo; printa ya shule inaiweza, na haili nafasi. Kwa thum, achore nyuzi nane na kuzipa namba. Mpigaji ataelewa, na mwanakwaya atajifunza.

Msamiati: kila toleo liwe na kisanduku cha maneno kumi, yakiwa na maelezo ya Kiswahili na jina la mahali yanakotumika. Baada ya miaka mitatu atakuwa na maneno 120, na hapo ndipo sisi wa kamusi tutamfuata kwa magoti.

Tahakiki: moja kwa kila toleo, isiyokuwa ya rafiki, au kama ni ya rafiki, yenye kosa moja lililotajwa kwa sababu zake.

Pesa: asikope bado. Achape nakala 60 za toleo hili, azipeleke kwenye mashindano ya muziki, na aombe ada ya mwaka mzima mapema. Akipata watu 100 waliolipa, ndipo azungumze na chama cha akiba. Na mama watoto ajue leo.

Aliisikiliza orodha yote, halafu akasema lile alilokuwa amelificha. "Prof, nikiacha Kiitaliano na piano, watasema ni jarida la shule ya msingi. Kiswahili tupu, na mzee wa nyatiti jaladani? Watanicheka."

Hofu hiyo ni ya kweli na sikuidharau. Ndiyo hofu iliyonishika mimi na kile kijibarua. Ninachokijua ni kwamba kicheko cha watu hudumu wiki mbili, na ukimya wangu umedumu zaidi ya miaka 30. Mcheza kwao hutunzwa. Tena asisahau kwamba wasomaji wake ni 300 tu. Wanaocheka hawamo katika hesabu.

Alichukua bahasha yake, sasa ikiwa nyekundu kama nyanya, akasimama mlangoni. "Sasa toleo la kwanza nitakuwa na shimo. Nimetoa ile ya kukonga nyoyo, na sina tahakiki nyingine."

"Itafute."

"Nimeshaipata," akasema. "Si ulisema una moja ambayo mhariri alikurudishia?"

Nakala ile nimeitafuta, haipo. Itabidi nisikilize upya na kuandika upya. Amenipa hadi mwisho wa mwezi, maneno 1,000, na ameniambia waziwazi kwamba neno "kukonga" halitapita.